Mpira wa uzi na kitambaa cha shangazi: umbo la mtandao limefichwa wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi mitandao, nafanya kazi Morogoro. Nimesoma kwamba mitandao mikubwa, kama intaneti au mtandao wa marafiki, ina jiometria iliyofichika, na kwamba si ile jiometria tuliyofundishwa shuleni bali ya haipaboliki. Nikachukua mtandao wa ofisi yetu nikauchora kwa programu, nikapata mpira wa uzi uliovurugika. Kila nikibonyeza upya unakuja mchoro mwingine. Sasa hilo umbo limefichwa wapi? Ni kitu cha kweli, au wataalamu wanatuchorea picha nzuri tu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nianze na huo mpira wa uzi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Programu uliyotumia huenda inafanya hivi: inazitawanya nodi (yaani vile vitu vinavyoungwa, kompyuta au watu) ovyo kwenye skrini, kisha inaziamuru zisukumane, huku viungo vikizivuta kama mpira wa manati. Zinahangaika mpaka zitulie. Ukibonyeza upya zinaanzia mahali pengine, kwa hiyo zinatulia mahali pengine. Mchoro ule hauna kosa, ila mahali nodi ilipokaa kwenye skrini hapasemi lolote kuhusu mtandao wenyewe. Mtandao kama ulivyo ni orodha tu: huyu kaungwa na yule, yule kaungwa na wale. Haina kaskazini wala kusini, haina mita wala kilomita.

Ndiyo maana dai unaloliuliza ni zito. Linasema kwamba kila nodi ina anwani ambayo haikuandikwa popote kwenye orodha, na kwamba anwani hizo ndizo zilizoamua nani aungane na nani. Orodha tuliyo nayo ni nyayo. Mnyama mwenyewe hatukumwona. Nyayo zenyewe ni pembetatu, yaani nodi tatu zilizoungana zote kwa zote.

Chukua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Umeingizwa kwa sababu unamjua bwana harusi. Siku ya kwanza unakuta namba mia na kitu usizozijua. Baada ya wiki mbili za kuahidi na kudaiwa michango unagundua kwamba mweka hazina alisoma na dada yako, na yule anayetuma sauti za dakika tano ni jirani wa mjomba wako. Watu wawili unaowajua, mara nyingi, wanajuana wao kwa wao. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja yuko karibu nawe kwa namna fulani: mtaa, shule, kanisa au msikiti, kazi, ukoo. Na kama huyu yuko karibu nami, na yule yuko karibu nami, hao wawili hawawezi kuwa mbalimbali sana. Upande mmoja wa pembetatu hauzidi jumla ya pande mbili nyingine. Hilo ulilisoma sekondari. Ni sheria ya umbali. Ukikuta mtandao umejaa pembetatu, una haki ya kushuku kwamba nyuma yake kuna umbali, hata kama hakuna aliyeupima.

Tuone kwa tarakimu. Ramani ya intaneti iliyotumika sana kwenye utafiti huu ni ya Juni 2009. Nodi zake si kompyuta bali ni mifumo inayojitegemea, yaani mitandao ya kampuni za simu, vyuo, benki na watoa huduma, kila mmoja na namba yake. Ilikuwa na nodi 23,752 na viungo 58,416, hivyo kila nodi ilikuwa na majirani wasiofika watano kwa wastani. Kama viungo vingetupwa kwa bahati nasibu, uwezekano wa majirani zako wawili kuungana ungekuwa kama 2 katika 10,000. Kwenye ramani halisi, kwa nodi zenye jirani zaidi ya mmoja, wastani ulikuwa 0.61, yaani 61 katika 100. Si tofauti ndogo hiyo.

Mtu makini atanikatiza hapa: Mwalimu, usituzuge, intaneti ina vitovu vikubwa vilivyoungana na maelfu ya wengine, na vitovu vyenyewe vinazaa pembetatu hata bila umbali wowote. Ni kweli. Nodi iliyoongoza kwenye ramani ile ilikuwa na majirani 2,778. Kwa hiyo kuhesabu pembetatu peke yake hakutoshi. Mwaka 2008 watafiti M. Ángeles Serrano, Dmitri Krioukov na Marián Boguñá walifanya jambo lililonivutia kuliko yote yaliyofuata. Waliuchukua mtandao halisi, wakaondoa nodi zenye majirani wachache, wakapima pembetatu zilizobaki. Wakaondoa tena, wakapima tena. Kwenye mtandao halisi sura ilibaki ileile kila walipochuja. Kisha wakatengeneza pacha wa mtandao ule: kila nodi ina idadi ileile ya majirani, ila viungo vimechanganywa kama karata. Kwa pacha, mfanano huo ulivunjika. Pacha ana vitovu vyote alivyo navyo mwenzake, lakini hana kile kitu cha ziada. Modeli iliyoweza kuzaa tena tabia ya mtandao halisi ilikuwa ile inayozipa nodi mahali pa kukaa kwenye nafasi yenye umbali.

Sasa, kwa nini haipaboliki? Kwa nini si karatasi bapa kama ramani ya mji?

Shangazi yangu alikuwa anafuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia, vile vyeupe ambavyo ukivitoa ukaketi bila kuvirudisha unasikia habari yako. Alinifundisha, au alijaribu. Unaanza na mishono sita katikati. Mzunguko wa pili unaongeza sita, inakuwa kumi na miwili, wa tatu kumi na minane, na kuendelea. Mzunguko wa kumi una mishono sitini, na kitambaa kinalala bapa mezani. Mimi sikuelewa. Nikawa natia mishono miwili juu ya kila mshono: 6, 12, 24, 48, 96. Kufikia mzunguko wa tano ukingo ulikuwa umejaa marinda, kitambaa kimekataa kulala. Ningefika mzunguko wa kumi ningekuwa na mishono 3,072. Shangazi alikiangalia akasema nimefuma sukuma wiki. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua: jani lenye ukingo wa kukunjamana hivyo, na matumbawe kadhalika, yanafuata jiometria hiyohiyo, na mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina alianza kutumia kroshia kuwaonyesha wanafunzi wake nafasi ya haipaboliki ili waishike mikononi.

Kwenye karatasi bapa, ukiongeza nusukipenyo mara mbili, mzingo wa duara nao huongezeka mara mbili. Kwenye haipaboliki mzingo haungoji. Duara la nusukipenyo 1 lina mzingo wa 7.4 badala ya 6.3, tofauti ya kupuuza. La nusukipenyo 5 lina 466 badala ya 31. La nusukipenyo 10 lina kama 69,200 badala ya 63. Pale ukingoni nafasi inafumuka.

Na ni nani anayehitaji nafasi inayofumuka hivyo? Mti. Una wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kizazi cha kumi nyuma nafasi 1,024. Jaribu kuchora mti huo wa ukoo kwenye karatasi, matawi yote yawe na urefu sawa: kizazi cha tano tu majina yanapandiana. Karatasi inakua kwa kujumlisha, mti unakua kwa kuzidisha. Mitandao mikubwa ina umiti ndani yake, kwa sababu watu na vitu hujipanga kwa makundi, makundi ndani ya makundi: mtaa ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, somo ndani ya idara, idara ndani ya chuo. Ndiyo sababu nafasi inayoufaa ni ile ya kitambaa changu kilichoharibika.

Krioukov, Boguñá na wenzao walilifungasha wazo hilo vizuri mwaka 2010. Weka nodi kwenye diski ya haipaboliki. Kila nodi ina vipimo viwili. Cha kwanza ni umbali kutoka katikati, na hicho ni umaarufu: walio karibu na kitovu ni wachache na wana viungo vingi, walio ukingoni ni wengi sana na kila mmoja ana vichache. Cha pili ni pembe, yaani uko upande gani wa duara, na hiyo ni ufanano: wanaofanana wako pembe moja. Unganisha kila jozi iliyo karibu vya kutosha. Hapo unapata kwa mpigo vitu viwili ambavyo zamani vilikuwa vikielezwa kila kimoja na nadharia yake: vitovu vikubwa na pembetatu tele. Mwaka 2012 wakaonyesha pia jinsi mtandao wa namna hiyo unavyokua: mgeni akiingia anapima umaarufu wa mtu dhidi ya kufanana naye, na anajiunga na yule ambaye vipimo vyote viwili kwa pamoja vinampendeza. Ni kama ugeni mjini. Unajipeleka kwa mtu mkubwa anayejulikana na wote, na pia kwa mtu wa kwenu hata kama hana jina.

Hebu tupime umbali wenyewe. Kanuni iliyo karibu na kamili ni hii: jumlisha nusukipenyo za nodi mbili, kisha ongeza mara mbili ya logi asilia ya nusu ya pembe iliyo kati yao (kwa radiani). Nodi mbili zilizoko nusukipenyo 10, pembe kati yao radiani 1 (kama digrii 57): umbali ni 20 kutoa 1.4, yaani 18.6. Kwenda mpaka kitovuni kabisa na kurudi ni 20. Umeona? Njia fupi kati ya watu wawili wa ukingoni wasiofanana ni karibu sawa na kupitia katikati. Sasa punguza pembe iwe 0.01, kama nusu digrii: umbali unashuka mpaka 9.4. Ndugu wa pembe moja hawana haja ya kitovu.

Mfanyabiashara wa Ifakara na wa Songea wanaelewa hili bila logi. Bidhaa ya mmoja ikimfikia mwenziwe kupitia Kariakoo hakuna anayeshangaa, ingawa kwenye ramani ya ukutani Kariakoo iko pembeni kabisa.

Nikufikishe kwenye jaribio ambalo kwangu mimi ndilo linalotenganisha picha nzuri na ukweli. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Stanley Milgram alitaka kujua barua inaweza kupita mikono mingapi kumfikia mtu usiyemjua. Katika jaribio alilochapisha na Jeffrey Travers mwaka 1969, watu 296 wa Nebraska na Boston waliombwa kufikisha bahasha kwa dalali mmoja wa hisa anayefanya kazi Boston, kwa sharti la kumpa mtu unayemfahamu tu, naye ampe anayemfahamu. Bahasha 64 zilifika, kwa wastani wa mikono mitano na kidogo katikati. Wengi hukumbuka ufupi wa njia. Mwanasayansi wa kompyuta Jon Kleinberg, mwaka 2000, aliuliza swali kali zaidi: hao watu waliijuaje njia fupi? Hakuna aliyekuwa na ramani ya marafiki wote wa Marekani. Kila mmoja alijua majirani zake na alijua jambo moja moja kuhusu mlengwa.

Fikiria unatuma mzigo kwa mzee asiye na simu, kijiji fulani cha Kyela. Unampa konda wa basi la Mbeya. Konda anamwachia wakala wa stendi. Wakala anamjua mama anayeleta mchele kutoka Kyela kila Jumanne. Mama anajua kijiji, kijijini wanajua nyumba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua njia nzima. Kila mmoja alimpa aliye karibu zaidi na mlengwa kuliko yeye mwenyewe. Na tazama umbo la safari: kwanza inaelekea kitovuni, stendi kubwa, halafu inatoka kuelekea ukingoni. Ndiyo ile njia fupi ya haipaboliki tuliyoipima sasa hivi.

Boguñá, Fragkiskos Papadopoulos na Krioukov waliipa ile ramani ya 2009 mtihani huo mwaka 2010. Kwanza walizitafutia nodi anwani: kompyuta inazisogezasogeza mpaka viungo vilivyopo viwe ndivyo vyenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwapo, na visivyokuwapo visitarajiwe. Kisha wakatuma ujumbe wa kubuni kutoka nodi hadi nodi kwa kanuni ya konda wa Mbeya: mpe jirani aliye karibu zaidi na mlengwa kwa vipimo vya diski, basi. Ujumbe ulifika kwa asilimia 97, na njia zilikuwa ndefu kidogo tu kuliko zile fupi kabisa. Walipotumia umbali wa kijiografia badala yake, ujumbe mara nyingi ulikwama njiani. Na kitu kingine: kompyuta haikuambiwa nodi ipi iko nchi gani, lakini mifumo ya nchi moja ilijikuta imekusanyika pembe moja.

Kuhusu kilomita kutokuwa na neno, sisi wa huku tuna ushahidi wetu. Kabla ya nyaya za baharini kufika, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, nakumbuka nikifuatilia njia ya pakiti, yaani kipande cha data, kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Ilipanda setilaiti, ikashuka Ulaya, ikazunguka huko, ikarudi. Zaidi ya nusu sekunde kwa safari ambayo ndege ndogo inaimaliza kwa saa moja na kitu. Kijiografia tulikuwa majirani. Kwa mtandao tulikuwa nodi mbili za ukingoni zinazoonana kwa kupitia kitovu. Vituo vya kubadilishana data, kile cha Kenya na kile cha Tanzania, kazi yao yote ni kuongeza viungo vya pembe moja ili mambo ya nyumbani yaishe nyumbani.

Je, intaneti inatumia anwani hizi? Hapana. Bado iko kwenye utaratibu wa kila ruta kubwa kubeba orodha ya njia zote, na orodha hiyo sasa ina njia kama milioni moja. Wewe ni fundi, labda unakumbuka Agosti 2014 ilipovuka 512,000 na ruta za zamani zikaishiwa kumbukumbu. Anwani za haipaboliki zingepunguza mzigo huo, lakini kubadilisha intaneti nzima ni kama kuhamisha soko siku ya gulio.

Sasa uliuliza: ni kweli au ni picha? Sitakuambia kwamba mahali fulani kuna diski ambayo kampuni za simu zimekaa juu yake. Pembetatu zinaweza kuzaliwa pia kwa njia nyingine. Rafiki anakutambulisha kwa rafiki yake, kwisha, bila umbali wowote. Na pembe moja ni kipimo kichache mno kwa ufanano wa kweli. Mtu anaweza kufanana nami kwa kabila na asifanane nami kwa kazi. Siku hizi zipo zana za kuzipa nodi pembe zaidi ya moja. Lakini anwani ambazo hukuzipima, ulizozikisia kutoka kwenye orodha kavu ya viungo, zikikufikishia ujumbe 97 kati ya 100, mimi nazihesabu kuwa ni za kweli kwa kiwango ambacho joto ni la kweli: huwezi kulishika, lakini kipimajoto hakikudanganyi. Njia hiyohiyo imetumika kwenye ramani za neva za ubongo wa viumbe mbalimbali na kwenye biashara ya kimataifa kuanzia 1870 hadi 2013, na kote imeonyesha mpangilio ambao ramani ya kawaida haiuonyeshi.

Nimeuacha mtandao wa ofisi yenu mwisho kwa sababu jibu lake halitakufurahisha. Kwa jinsi ninavyozijua ofisi zetu, una ruta moja, swichi nne au tano chini yake, na kompyuta zinaning'inia kwenye kila swichi. Huo ni mti mtupu. Hauna hata pembetatu moja. Utalala vizuri sana kwenye diski ya haipaboliki, hilo ni kweli, lakini pembe za kompyuta utakuwa umezipanga wewe. Hakuna kitu kwenye data kinachosema kompyuta ya mhasibu ikae kushoto au kulia ya ile ya masijala. Hapo hapakufichwa umbo lolote zaidi ya lile ulilolifunga mwenyewe kwa nyaya.

Tafuta mtandao ambao watu waliujenga bila mchoro: nani kampigia nani simu, maduka gani yananunua kutoka kwa nani, vituo gani vimeungwa na daladala zipi. Hesabu pembetatu. Tengeneza pacha wake kwa kuchanganya viungo bila kubadilisha idadi ya majirani wa kila nodi, hesabu tena. Tofauti ikiwa kubwa, ficha kiungo kimoja katika kila kumi, ukisie anwani kwa vilivyobaki (programu iitwayo Mercator, ya mwaka 2019, inafanya kazi hiyo, nayo ni ya bure), halafu uone kama jozi ulizozificha zimejikuta karibu kwenye ramani. Zikitawanyika ovyo, usiichapishe ramani hiyo hata ikiwa na rangi nzuri kiasi gani.